Biashara nyingi, mfuko mmoja: hisa za Alphabet na pesa ya korosho

Mwishoni mwa Oktoba 2025 Alphabet, kampuni mama ya Google, ilitangaza kwamba mapato yake ya robo mwaka yamevuka dola bilioni 100 kwa mara ya kwanza. Habari hiyo ilifika huku kusini mwa Tanzania katika msimu wa minada, pale pesa ya korosho inapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na Ruangwa, na washauri wa uwekezaji kwenye magrupu ya WhatsApp wanapokuwa wengi kuliko wanunuzi wa korosho. Hoja inayosambazwa ni rahisi kuikariri: Alphabet ina injini ya utafutaji, ina YouTube, ina Android, ina Google Cloud, ina magari yasiyo na dereva, ukinunua hisa yake moja umenunua biashara kumi, na moja ikiyumba nyingine zitakubeba. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Nusu ya pili si kweli, na ndiyo inayowafanya watu waingize pesa nyingi kuliko walivyopaswa. Alphabet ni kampuni imara kwa karibu kila kipimo cha uhasibu, na mkazi wa Mtwara au Lindi anaweza kuwa na sababu halali ya kuimiliki. Kutawanya hatari si mojawapo ya sababu hizo.

Tuanze na hesabu za mwaka mzima wa 2024. Mapato yote yalikuwa dola bilioni 350. Matangazo ya kwenye utafutaji na huduma zinazoambatana nao yaliingiza bilioni 198.1, matangazo ya YouTube bilioni 36.1, na matangazo yanayowekwa kwenye tovuti za watu wengine bilioni 30.4. Jumlisha: bilioni 264.6, yaani zaidi kidogo ya robo tatu ya mapato yote. Upande wa faida picha ni kali zaidi. Faida ya uendeshaji ya kampuni nzima ilikuwa bilioni 112.4, lakini kitengo cha Huduma za Google peke yake, ambamo matangazo ndiyo mhimili, kilipata bilioni 121.3. Google Cloud, biashara ya kukodisha kompyuta na hifadhi ya data kwa makampuni, iliongeza bilioni 6.1. Kundi linaloitwa Other Bets, ambamo magari ya Waymo yamo, lilipata mapato ya bilioni 1.6 na kula hasara ya bilioni 4.4. Gharama zisizogawiwa kitengo chochote zikala kama bilioni 10.6. Kwa hiyo mfuko mmoja ulilipia kila kitu, pamoja na ndoto za vitengo vingine, na bado ukabakiza.

Anayetetea wazo la biashara kumi atasema YouTube na utafutaji ni vitu viwili tofauti. Kwa mtazamaji, ndiyo. Kwa anayelipa, mara nyingi ni bajeti ileile ya matangazo ya kampuni ileile, na uchumi unapokaza bajeti hiyo hukatwa kote. Hili tumeliona. Katika robo ya mwisho ya 2022 mapato ya matangazo ya utafutaji yalishuka kwa karibu asilimia 2 ukilinganisha na mwaka uliotangulia, ya YouTube kwa karibu 8, na ya tovuti za wengine kwa karibu 9, yote kwa wakati mmoja. Januari 2023 kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 12,000. Katika mwaka huo wa 2022 bei ya hisa ilipoteza karibu asilimia 39. Matawi kumi ya mkorosho mmoja si mikorosho kumi. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukiingia hauchagui tawi.

Android, Chrome na ramani nazo hazieleweki vizuri. Google ilinunua Android mwaka 2005, YouTube mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.65, na ikazindua Chrome mwaka 2008. Ukitoa YouTube, vingi kati ya vitu hivi vinatumika kama barabara za kumfikisha mtu kwenye kisanduku cha utafutaji, ambako tangazo linauzwa. Pale ambapo kampuni haimiliki barabara, huinunua: nyaraka za kesi ya ukiritimba ambayo serikali ya Marekani iliifungulia Google zilionyesha kwamba mwaka 2021 ililipa dola bilioni 26.3 ili utafutaji wake uwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari vya wengine, na mwaka 2022 Apple peke yake ilipokea karibu bilioni 20. Agosti 2024 jaji wa kesi hiyo, Amit Mehta, aliamua kwamba kampuni imelinda ukiritimba kinyume cha sheria. Septemba 2025 akatoa amri za kurekebisha: mikataba ya kujihodhia ipigwe marufuku na baadhi ya data zigawiwe washindani, lakini Chrome isiuzwe. Soko lilishangilia na hisa ikapanda. Ushangiliaji huo wenyewe ni ushahidi. Kama biashara zingekuwa zinajitegemea, uamuzi kuhusu kivinjari ambacho hakiuzwi hata kwa senti moja usingetikisa thamani ya kampuni nzima.

Upande wa pili nao una hoja dhaifu, tena inayosemwa kwa sauti kubwa: kwamba akili unde imeshaiua Google, kwa kuwa watu sasa wanaiuliza ChatGPT. Programu hiyo ilitoka Novemba 2022. Mwaka 2023 mapato ya utafutaji yalikuwa bilioni 175, na 2024 yakawa bilioni 198.1, ongezeko la asilimia 13. Biashara iliyokufa haikui hivyo. Hatari iliyopo ni ya polepole zaidi, na haionekani kwenye mstari wa mapato. Imo kwenye gharama.

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu ndipo wasomaji wengi wa ripoti wanaporuka. Mwaka 2024 Alphabet ilitumia dola bilioni 52.5 kwa matumizi ya mtaji: majengo ya kompyuta, seva, chipu, vifaa vya mtandao. Kwa 2025 ilisema itatumia kati ya bilioni 91 na 93. Pesa hiyo haikatwi kwenye faida kwa mkupuo. Inagawanywa kama uchakavu kwa miaka ambayo kampuni inakadiria kifaa kitatumika, na tangu Januari 2023 Alphabet inahesabu seva zake kuwa na maisha ya miaka 6, kutoka 4 ya awali. Badiliko hilo la kihasibu lilipandisha faida bila kuuza tangazo hata moja la ziada. Huenda miaka 6 ni sahihi kwa seva za kawaida. Kwa chipu za akili unde, zinazopitwa na toleo jipya kila baada ya muda mfupi, inawezekana kifaa kikachakaa kibiashara kabla ya kuchakaa kwenye vitabu. Ikitokea hivyo, faida tunayoisoma leo imetiwa chumvi, na marekebisho yatakuja yote kwa pamoja. Na hata makadirio yakiwa sahihi, uchakavu wa vifaa vilivyonunuliwa 2024 na 2025 utaendelea kukatwa miaka ijayo, wateja wa Cloud waje wasije.

Hoja nzito ya wanaoipenda hisa hii ni Google Cloud yenyewe, na haifai kupuuzwa. Baada ya miaka ya hasara, kitengo hicho kilionyesha faida ya uendeshaji kwa mara ya kwanza katika robo ya kwanza ya 2023. Mapato yake yalitoka bilioni 33.1 mwaka huo hadi 43.2 mwaka 2024. Wateja wake hulipa kwa mikataba, hawategemei bajeti ya matangazo, na wengi wangepata taabu kuhama. Hiki ndicho kitengo pekee kinachoelekea kuwa mfuko wa pili wa kweli. Neno muhimu ni “kinachoelekea”: mwaka 2024 faida yake ya bilioni 6.1 mbele ya 121.3 ya Huduma za Google ilikuwa bado sehemu ya ishirini. Anayenunua hisa leo akiamini mseto wa biashara zinazojitegemea upo tayari analipia jambo ambalo bado linajengwa, kwa pesa inayotoka kwenye matangazo.

Kuna mfano wa nyumbani unaoonyesha jambo hilihili bila dola. Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, baada ya sheria kuyataka makampuni ya simu kuingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Waliozinunua waliambiwa wananunua sauti, intaneti, M-Pesa na mikopo midogo ya simu kwa pamoja. Kisha likaja zoezi la usajili wa laini kwa alama za vidole, na laini ambazo hazikusajiliwa zikafungwa. Mteja aliyefungiwa laini hakupiga simu, hakununua bando, wala hakutuma pesa: biashara zote zilikuwa zimesimama juu ya laini ileile. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ilipata hasara ya takriban shilingi bilioni 30. Julai mwaka huo ikaja tozo ya miamala, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kutuma au kutoa pesa, nayo ikaipiga M-Pesa. Kwa miaka kadhaa bei ya hisa ilikaa chini ya ile 850. Kampuni ilijiinua, na mwaka ulioishia Machi 2025 ilipata faida ya takriban bilioni 90. Lakini aliyeamini kwamba huduma nne ni hatari nne zilizotengana alipata jibu lake mapema.

Kwa hiyo swali la kuuliza kampuni yoyote ya namna hii si “ina biashara ngapi?” Uliza: ni kitu gani kikikatika, biashara zote zinaathirika? Kwa Vodacom ni laini ya simu na sera za serikali. Kwa Alphabet ni mtangazaji na ile nafasi ya kwanza kwenye skrini.

Sasa ile hoja ya dola. Wanasema shilingi inashuka, hivyo weka mali kwenye dola. Kwa mwalimu wa Lindi au muuguzi wa Hospitali ya Ligula, ambaye mshahara wake ni wa shilingi na haubadiliki kwa kufuata dola, hoja ina uzito. Kwa mkulima wa korosho ina upungufu ambao sijaona ukizungumzwa. Korosho ghafi yetu inakwenda zaidi Vietnam na India, na mnunuzi anayeweka bei kwenye mnada wa TANECU au MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vya wakulima huku kusini, anapiga hesabu ya dola kwanza, kisha anaigeuza kuwa shilingi. Shilingi ikishuka, bei ya kilo kwa shilingi hupata nguvu, mambo mengine yakibaki sawa. Mkulima huyu tayari ana mali ya dola: imesimama shambani. Anachokosa ni kitu kisichofuata korosho, na hapo Alphabet ina faida halisi, maana matangazo ya Marekani hayajali mvua za Tandahimba wala maamuzi kama yale ya Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wengi yakachelewa. Hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya mkulima kumiliki hisa za nje, na haina uhusiano wowote na idadi ya biashara zilizomo ndani ya Alphabet. Kampuni ya dawa ya Uswisi ingefanya kazi hiyohiyo.

Msimu nao una upande wake mzuri. Robo ya mwisho ya 2024, baada ya muda mrefu wa uhaba wa dola, shilingi ilipanda thamani kwa nguvu, na mauzo ya mazao nje yalikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na dhahabu na utalii. Kwa maneno mengine, pesa ya korosho inaweza kumfikia mkulima wakati dola iko nafuu. Anayenunua dola Desemba ana nafasi nzuri kuliko anayezinunua Mei. Haifuati kwamba azinunue zote, kwa sababu kuanzia Mei yeye huyohuyo anahitaji pesa za palizi, vibarua, mafuta ya mashine ya kupulizia na salfa inayopungua kwenye mgao wa ruzuku. Ukilazimika kuuza hisa mwezi Juni ili uokoe maua ya mikorosho, utauza kwa bei yoyote utakayoikuta, na kwa mwaka kama 2022 bei hiyo ingekuwa mbaya sana.

Gawio nalo limezua matumaini yasiyo na hesabu. Alphabet ilianza kulipa gawio mwaka 2024, senti 20 za dola kwa hisa kila robo mwaka, ikaongeza hadi senti 21 mwaka 2025. Hiyo ni senti 84 kwa mwaka. Marekani hukata kodi ya zuio ya asilimia 30 kwa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo, na Tanzania haina. Fomu ya W-8BEN utakayojaza inathibitisha tu kwamba wewe si mkazi wa Marekani. Haikupunguzii hiyo 30. Unabaki na takriban senti 59. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hisa moja inakupa kama shilingi 1,470 kwa mwaka. Kinachorudishwa zaidi kwa wanahisa hupitia njia ya kampuni kununua tena hisa zake, na hata hapo soma kwa jicho la pili: mwaka 2024 ilitumia bilioni 62.2 kwa kazi hiyo, huku ikiwapa wafanyakazi malipo ya hisa yenye thamani ya bilioni 22.8. Zaidi ya theluthi moja ya ununuzi ule ilikuwa inaziba hisa mpya zilizokuwa zinatoka.

Kuna tofauti ya aina za hisa ambayo wauzaji wa mitandaoni hawaitaji. GOOGL ina kura moja, GOOG haina kura. Aina ya tatu, yenye kura kumi kwa kila hisa, haiuzwi sokoni, na kupitia hiyo waanzilishi Larry Page na Sergey Brin wanashikilia zaidi kidogo ya nusu ya kura zote. Kwa mnunuzi wa hisa mbili tofauti hii haina athari ya kivitendo. Nunua iliyo nafuu siku hiyo. Ila usidanganywe kwamba unanunua sauti.

Hatari kubwa zaidi kwa mtu wa huku, hata kuliko akili unde, ni kununua kitu ambacho si hisa kabisa. Programu nyingi zinazotangazwa kwa jina la Google huuza mkataba wa tofauti ya bei: unaweka dau kwamba bei itapanda, kwa mkopo wa jukwaa lenyewe. Ukikopeshwa mara 20, bei ikishuka asilimia 5 pesa yako yote imekwisha, hata kama wiki inayofuata bei inarudi. Dalili zake ziko wazi ukizitafuta: wanataja mkopo wa mara 10 au 20, wanatoza ada ya kila usiku unaoacha biashara wazi, na hakuna fomu ya kodi unayojazishwa. Dalali wa kweli wa hisa za Marekani atakutaka ujaze W-8BEN kabla hujanunua, atakuonyesha hisa zako hata kama ni kipande tu cha hisa, na atakuambia ni mamlaka gani inamsimamia, jambo unaloweza kulihakiki kwenye tovuti ya mamlaka hiyo yenyewe. Anayejitambulisha kama wakala wake hapa nchini, ulizia leseni yake kwa CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Na kabla ya kutuma dola nje, iulize benki yako kanuni za Benki Kuu kuhusu uwekezaji wa nje zinataka nini, upate jibu kwa maandishi.

Baada ya hapo ni gharama. Chukua shilingi milioni moja, kama dola 400. Uhamisho wa kibenki kwenda nje unaweza kutozwa mara tatu: na benki yako, na benki ya katikati, na inayopokea. Ikiwa jumla ni dola 40, umepoteza asilimia 10 kabla ya kununua chochote, na hujahesabu tofauti ya bei ya kununua na kuuza dola. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam ada zote za kununua hukaribia asilimia 2, na gawio la kampuni zilizoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Ndiyo maana kiasi kidogo hakina kazi nje. Milioni moja hiyohiyo inatosha kuwa kiwango cha chini cha hati fungani ya serikali. Afadhali kutuma mara moja kwa mwaka kiasi cha maana kuliko kutuma kidogokidogo kila mwezi. Soko la Marekani hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, au kumi na moja na nusu katika miezi yao ya baridi. Weka agizo lenye ukomo wa bei, yaani bei ya juu kabisa utakayokubali kulipa, usiache agizo wazi usiku kucha. Kumbuka pia Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Akaunti inayofunguka kwa programu pekee haifai kubeba akiba ya dharura.

Kwa mkulima mwenye mavuno mazuri, ningeweka mstari hapa: toa kwanza gharama za msimu ujao mpaka mnada wa Oktoba, toa ada za shule za Januari, weka akiba ya msimu mmoja mbovu kwenye kitu kinachotoka ndani ya siku chache kama mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Kinachobaki, ambacho hutakigusa kwa miaka mitano, kigawanye, na Alphabet ichukue sehemu moja ya kumi ya hicho, isizidi. Ukipata dalali anayeuza mfuko unaofuata soko zima la Marekani kwa ada ndogo, huo unashinda hisa moja, na Alphabet itakuwa mojawapo ya kampuni kubwa ndani yake hata hivyo.

Atakayeamua kuinunua peke yake asifuatilie bei kila jioni. Ripoti hutoka mara nne kwa mwaka, na mistari ya kusoma ni mitatu: faida ya uendeshaji ya Google Cloud, gharama ya uchakavu, na mapato ya utafutaji. Uchakavu ukikua haraka kuliko faida ya Cloud kwa robo kadhaa mfululizo, mfuko wa pili haujajaa bado na wa kwanza ndio unaoulipia. Cloud ikifika robo ya faida yote ya uendeshaji, nitakuwa tayari kuijadili upya ile habari ya biashara kumi.